Humusi yangu, na usiku niliomenya dengu moja moja

Nianze kwa kumlaumu aliyeniambia siri ya humusi laini, lile rojo la dengu na ufuta la kuchovya mkate, ni kumenya dengu, kila punje, kwa mkono. Sijui kama yeye mwenyewe alishawahi kumenya. Kikombe kimoja cha dengu kavu, ukiloweka na kuchemsha, zinafura hadi vikombe viwili na nusu au vitatu, sasa kaa chini ushike moja ubinye ganda litoke. Ya kwanza inachomoka vizuri unacheka, ya mia unaanza kuongea peke yako. Nyingine zinateleza zinakimbilia chini ya friji na huko sikuzifuata. Mume wangu akaja kunywa maji, akanitazama, akauliza, "Mama, umeanza kuvuta tasbihi jikoni?" Sikumjibu. Saa sita usiku nikamaliza, nikasaga, nikaonja. Chengachenga! Kama uji uliokorogwa na mtu mwenye haraka.

Kumbe ganda halikuwa na kosa kubwa hivyo, dengu zenyewe hazikuiva. Yaani zilikuwa zimeiva za kula, ila humusi inataka zilizoiva mpaka zimekata tamaa, ukiibana moja kwa vidole viwili inakuwa rojo, haina hata punje ya ubishi. Hilo hakuna aliyeniambia, wote wanasema tu "chemsha dengu", basi.

Jaribio la pili nikaletewa habari ya magadi, yale laini ya kuumulia keki, kwamba yanalainisha dengu na maganda yanatoka yenyewe. Hii ni kweli kabisa, naomba nisieleweke vibaya. Tatizo ni mimi. Waliosema nusu kijiko cha chai nikawaona wachoyo, nikamimina kwa macho. Dengu ziliiva haraka sana, maganda yakaelea juu nikayachota na kijiko cha matundu, nikajiona fundi, nikamwita wifi yangu aje aonje. Akaweka kidogo mdomoni, akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa adabu zote, "Wifi, hii bakuli uliisuuza?" Ndo nikaonja na mimi. Sabuni. Sabuni yenye kitunguu saumu. Magadi yakizidi ndo ladha yake hiyo, na usijidanganye kwamba limau litaficha, mimi nilikamua matatu nikapata sabuni chachu.

Kwa hiyo nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha dengu kavu, nyingine kidogo kwenye maji ya kulowekea ambayo unayamwaga na kusuuza. Za kopo nazo usizidharau, zichemshe tena kama dakika 20 na chembe ya magadi, zile huwa ngumu kuliko zinavyoonekana.

Sasa tahini, yaani ufuta uliosagwa ukawa rojo. Ya kununua inakula hela, na mimi ni mtu wa kubana, nikanunua ufuta nikatengeneza mwenyewe. Mara ya kwanza nikaukaanga hadi ukawa kahawia, jikoni kunanukia vizuri mpaka majirani wanajua, lakini ilitoka chungu ajabu. Ufuta uondoe motoni ukiwa bado unaonekana mweupemweupe, ukishaanza kunukia tu toa, maana moto wa sufuria unaendelea kuukaanga hata ukizima jiko. Ukiwa wa uvuguvugu saga na mafuta vijiko viwili vitatu, blenda ikigoma ipumzishe, usiisukume. Yangu niliisukuma, ikaanza kutoa harufu ya waya.

Na hapa ndo kwenye ujanja wangu ninaoringia. Usitie kila kitu kwenye blenda kwa pamoja! Kwanza ponda kitunguu saumu, kiache ndani ya maji ya limau na chumvi dakika 10 hivi, ule ukali wa kuchoma pua unakatika (asidi ya limau inazuia ule ukali kuendelea kujitengeneza). Kisha changanya na tahini peke yake. Itakaza, itakuwa bonge kama udongo wa kufinyangia, mara ya kwanza nilidhani imeharibika nikataka kuimwaga. Usimwage. Ongeza maji ya barafu, kijiko kimoja kimoja, huku unazungusha, utaona inabadilika inakuwa nyeupe na nyepesi kama krimu ya keki. Hapo sasa ndo dengu ziingie zikiwa bado za moto, zinasagika laini kuliko zilizopoa, na uache blenda ifanye kazi dakika tano nzima hata kama unaona imeshakuwa. Iache iwe nyepesi kidogo kuliko unavyotaka maana ikipoa inakaza. Mafuta ya zeituni namwaga juu wakati wa kula, nikisaga nayo naona yanaleta uchungu.

Ladha kila mtu na mdomo wake. Bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa haikosi kwangu, pilipili hoho nyekundu iliyochomwa hadi ganda likawa jeusi ukalivua ni tamu sana, ila ikaushe vizuri, maji yake yataifanya humusi kuwa mchuzi. Bitiruti inatoa rangi ya waridi ambayo watoto wanaigombania bila kujua wanakula dengu. Nilijaribu ya kakao na sukari, sitaki kuizungumzia.

Neno humusi lenyewe kwa Kiarabu maana yake ni dengu, na mwaka 2010 Walebanoni walipika ya rekodi ya dunia, kilo 10,452, namba waliyoichagua kwa sababu ndo ukubwa wa nchi yao kwa kilomita za mraba. Hao waliomenya sijui walikuwa wangapi. Mimi kikombe kimoja cha dengu kilinitoa jasho hadi usiku wa manane.

Juzi wifi alikuja tena, nikamwekea bakuli bila kusema neno, mafuta ya zeituni juu na bizari kidogo. Akainusa kwanza! Kisha akachovya mkate, akachovya tena, akauliza kama naweza kumfungia kidogo akaondoke nayo. Nikamfungia, nikampa na bakuli, nikamwambia hiyo nimeisuuza.