Siku moja maishani mwangu: ramu inayolalamika Tukuyu

Saa 12:40 asubuhi. Julai hapa Mbeya baridi haina mchezo, nasoma baruapepe bado niko ndani ya blanketi. Seva ya SACCOS moja Tukuyu, ninayoihudumia kama fundi, imetuma ujumbe: MEM0702, DIMM A3, yaani ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyo kwenye tundu A3. Maana yake, makosa ya ramu yanayosahihishika yamevuka kiwango.

Saa 2:10. Nampigia mhasibu. "Shikamoo dada." "Marahaba. Mbona mashine zinafanya kazi vizuri tu, kaka?" Ana haki ya kushangaa. Ramu za seva zina ECC: kila biti 64 za data husindikizwa na 8 za ukaguzi, kwa hiyo biti moja ikikosewa inarekebishwa kimyakimya. Zikikosewa mbili kwa pamoja, kosa linaonekana ila halirekebishiki, na hapo seva inaweza kuzima wateja wakiwa dirishani.

Saa 3. Kupitia VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi kwa mbali) naingia iDRAC, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva ya Dell. Ina laini yake ya mtandao na inabaki macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi kebo ya umeme imechomekwa. Feni nzima, pawa saplai zote mbili nzima, joto la kawaida. Kwenye logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya seva, ni A3, A3, A3.

Saa 5 niko Mwanjelwa kwa mteja mwingine, duka la jumla. Naendesha smartctl, programu ya kupima afya ya diski: diski ya kompyuta yao ina sekta zilizohamishwa, na zinazosubiri kuhamishwa zinaongezeka. Hiyo haina mjadala, inabadilishwa.

Saa 7:15. Tukuyu wako kwenye chakula na nakala ya data tayari nimeichukua. Kwa skrini ya mbali naiwasha seva upya, nabonyeza F10, naingia kwenye vipimo. Kipimo cha haraka kinasema kila kitu safi. Sikiamini, kwa sababu kinapita juujuu tu. Kile kirefu kinakula saa kadhaa, na foleni ya wateja haitanisubiri. Isitoshe, hata kikikamata kosa, kwa mbali siwezi kujua kama mbovu ni ramu au tundu lake.

Saa 8:30 napanda kosta, Uyole, Kiwira, mpaka Tukuyu. Manyunyu, kama ilivyo ada ya huko.

Saa 10:45, wateja wameisha. Nazima seva, nachomoa kebo zote mbili, nabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha navaa mkanda wa mkononi unaozuia umeme tuli. Ramu ziko nne za GB 16, zote za aina moja. Ya A3 naihamishia A4, ya A4 inakwenda A3, kila moja naikandamiza mpaka vishikizo vyote viwili vilie "tik". Nafuta logi ya zamani. Kosa likihamia A4, ramu ndiyo mbovu. Likibaki A3, tuna kesi ya ubao au soketi ya prosesa, na hiyo ni bei nyingine kabisa.

Naanzisha kipimo kirefu. Kabla ya kuondoka nabandika karatasi kwenye swichi ya ukutani: USIZIME. Mlinzi wa pale huzima kila kitu akifunga ofisi, na umeme ukikatwa hapo hata iDRAC inalala, nami Mbeya nabaki kutazama skrini tupu.

Namwambia: "Baba, hii ya leo tuiache."

"Hata taa yake ya kijani?"

"Hata hiyo."

Saa 4:20 usiku, nyumbani, chai ya tangawizi mkononi. Kipimo kimekwama kwa kosa: DIMM A4. Naiwasha seva kutoka mezani kwangu, nahakikisha programu ya mikopo imepanda, kisha namwandikia mhasibu: "Dada, ramu moja ni mbovu, tundu ni zima. Kesho ingieni kazini kama kawaida. Mpya naagiza Dar, itakuja na basi. Ikifika nitashuka jioni mkishafunga."