Treni ya Nachingwea bado inatembea: gemu letu la dunia feki, toleo la Mtwara

Wengi mnaijua The Matrix, ile filamu ya 1999 ya vidonge viwili, chekundu na cha bluu, jamaa kavaa miwani myeusi anakwepa risasi, tuliiangalia kwenye vibanda umiza huku DJ anaitafsiri juu kwa juu na nusu ya aliyokuwa anaongea hata haimo. Sasa mimi nimelichukua lile wazo la dunia iliyotengenezwa na kompyuta nikaligeuza gemu la kuigiza la mezani, tunacheza hapa Mtwara na washkaji, wakiwemo karani, mwalimu na dogo wa bodaboda, na leo nataka nieleze nilivyolibadilisha maana ukilichukua kama lilivyo linakufia mezani mapema sana.

Kwa asiyejua, gemu la kuigiza ni ule mchezo wa baba na mama wa utotoni, ila huu una sheria na dadu. Mmoja ndo msimuliaji, anashika dunia nzima, waliobaki kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika anafanya nini, penye mashaka mnarusha dadu. La kwanza kuuzwa lilitoka Marekani mwaka 1974, la kina Gary Gygax na Dave Arneson, mambo ya mapanga na madragoni. Huku kwetu bado geni, ukitoa dadu na makaratasi barazani watu wanajua mnacheza kamari, kwa iyo sisi tunachezea uani kwa karani.

Haya, tatizo la kwanza ni siri. Filamu inaweza kukuficha kwamba dunia ni ya uongo mpaka yenyewe itake, lakini mezani ulishawaita watu "njooni tucheze gemu la dunia feki", siri iko wapi hapo? Kuna wasimuliaji wanadanganya, wanawaambia wachezaji ni stori ya upelelezi halafu katikati wanawageuzia. Mi sikubaliani nayo kabisa. Mtu kakaa kamtengeneza mvuvi wake wa Msangamkuu, kamuandikia mke, madeni, dau lenye jina, afu unamwambia vyote hewa? Atanuna na ana haki ya kununa. Mimi nilisema mwanzoni kabisa kabla hata mtu hajashika kalamu: dunia hii ni feki, nyie mnajua, wahusika wenu hawajui. Utamu unabaki kwenye atagundua vipi, na akishagundua ataanza kumwangaliaje mkewe.

Tatizo la pili ni mashine zinataka nini. Kwenye filamu zinafuga binadamu kama chanzo cha umeme. Hapo hapana jamani. Mtu aliyetulia mwili wake unatoa joto la wati 100 hivi, na ili autoe inabidi umlishe, na chakula unachomlisha kina nishati kubwa kuliko utakayovuna, yaani ni biashara ya hasara toka siku ya kwanza. Na ukija na hiyo stori Mtwara ndo utachekwa kabisa, gesi ya Mnazi Bay imegundulika tangu 1982, bomba limeshafika mpaka Dar, mashine gani yenye akili timamu itakaa juu ya gesi yote ile halafu ihangaike na jasho la watu? Dogo wa bodaboda aliniuliza hivohivo kabla sijamaliza sentensi.

Kwa iyo nikatafuta sababu nyingine na nikaipata kwenye historia ya mji wenyewe. Karanga.

Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja na mpango wao wa karanga, mwaka 1947, walime ekari zaidi ya milioni tatu Tanganyika, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Majaribio ya maana hawakufanya. Kule Kongwa udongo wa kiangazi ukawashinda, mvua ikagoma, mitambo ya kung'olea visiki ikawa haitoshi mpaka wakachukua vifaru vya vita vya Sherman wakavigeuza matrekta, na bado. Mwaka 1951 wakafunga hesabu, pauni milioni 36 zimeenda hivyo. Lakini kwa ajili ya mpango huohuo ndo ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga za kujaza mabehewa hazikuja, na miaka ya mwanzo ya 60 reli ikang'olewa. Ukipita mjini hapa ukajiuliza mbona mabarabara mapana hivi na nyumba zimeachana hivi, jibu ndo hilo, mji ulipimwa kwa ajili ya watu ambao hawakufika.

Basi kwenye gemu langu mashine ni za mipango. Ziliundwa ili ule ujinga wa karanga usijirudie, kabla hujamwaga hela unaujaribu mpango kwanza ndani ya kompyuta, na mpango wa mji huwezi kuujaribu bila watu, tena watu wa kweli, wanaochelewa kazini, wanaodaiwa dukani, wanaopenda pasipopendeka, maana watu wa kutungwa hata makosa yao yamenyooka. Zikawalaza watu kwenye maghala ya korosho, kila mmoja na stakabadhi yake ghalani, uzito, daraja, tarehe ya kuingia. Nilimtengenezea kila mchezaji ya mhusika wake nikaikunja kwenye bahasha. Karani, ambaye kazi yake ya mchana ni AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, alipoifungua akaisoma juu mpaka chini kwa ule uso wa kazini, akaniambia "kaka, unyevu hujaandika, hii sipokei".

Ndani ya simulesheni sasa, yaani hiyo dunia ya kompyuta, ni Mtwara ambayo mpango ulifanikiwa. Kila asubuhi treni inapiga honi, inaondoka bandarini kwenda Nachingwea. Barabara pana zimejaa watu. Viwanda vya kubangua korosho vinafanya kazi usiku na mchana, hakuna korosho inayopanda meli na ganda lake. Vijana hawakimbilii Dar. Hapa ndo penye msimamo wangu wote kuhusu aina hii ya stori: dunia feki lazima iwe tamu, iwe dunia ambayo mtu akiambiwa aiache atauliza kwanza kule ninakoenda kuna nini. Wasimuliaji wengi wanaifanya dunia feki jela tu, kijani kijani, maofisi, bosi mnoko, sasa mtu hapo anachagua nini? Atakimbia tu. Hamna uamuzi, na gemu lisilo na uamuzi ni hadithi unayosimuliwa huku umeshika dadu.

Dalili za ufeki nilizitafuta kwenye vitu vya hapahapa. Mhusika wa mwalimu ni mzee wa bao pale Chikongola. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, mcheza bao anajua hilo akiwa usingizini. Nikamwambia, mmemaliza mchezo, unazikusanya kete, zipo 65. Mwalimu akaweka kalamu chini. "Nahesabu tena." Zipo 65. "Natoa moja naitia mfukoni, nahesabu." Zipo 65. Aisee sijawahi kuona mtu mzima anaogopa kokwa za komwe ambazo hazipo, na sikuwa nimetumia mzimu wala damu hata tone.

Walinzi wa mashine nao sikutaka watu wa suti. Wa kwetu wanavaa nyuso. Mnajua ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji kafunikwa mwili mzima na kichwani lipiko la mti, sura ya mtu kabisa ila mtu mwenyewe humuoni. Mlinzi kwenye gemu anakuja na sura ya mtu unayemfahamu, muuza chapati wako, shemeji yako, ila shingo haigeuki vizuri, inageuka na kichwa chote kwa pamoja. Nimeishia hapohapo kwenye umbo, mambo ya jando na siri zake siyaweki mezani, yana wenyewe na mmoja wao tunacheza naye.

Sasa dadu. Zile za pande ishirini za madukani huko nje hapa hazipo, tunatumia mbili za ludo. Sistimu nimeichukua kwenye ile familia ya magemu yaliyotokana na kazi ya watunzi wa magemu Vincent na Meguey Baker ya 2010: unarusha mbili unajumlisha na alama ya mhusika wako, ukipata 10 na zaidi umefanikiwa, 7 mpaka 9 umefanikiwa ila unalipia kitu, 6 kushuka chini msimuliaji anakuamulia. Ukipiga hesabu, bila alama yoyote ya kuongeza, kati ya mipangilio 36 ya dadu ni 6 tu inayokupa ushindi safi, iliyobaki inagawana nusu kwa nusu, 15 na 15. Yaani dunia inakubana muda wote, na ndo ninavyotaka, maana ukishabanwa utatamani kuchakachua.

Na kuchakachua ndo nguvu yenyewe ya gemu. Mhusika akishaanza kuishuku dunia, mchezaji anaruhusiwa kunyoosha mkono akaipindua dadu moja juu chini, mbele ya watu wote. Pande zinazotazamana kwenye dadu zinafika saba, kwa iyo moja inakuwa sita, mbili inakuwa tano. Hakuna haja ya kumpa mtu spidi ya ajabu wala kung fu za kwenye karatasi, kama dunia ni ya sheria za kutungwa basi mwache avunje sheria ya mezani kwa vidole vyake. Mara ya kwanza dogo wa bodaboda kupindua dadu alinitazama kama anaiba.

Bei yake sasa. Kila ukichakachua unatumbukiza kete moja ya bao kwenye kikombe kilichopo katikati, na kete zikifika idadi ya wachezaji, mashine zinarekebisha hitilafu. Mwanzoni kila mchezaji aliandika vitu vitatu ambavyo mhusika wake anavipenda humo ndani. Marekebisho ni kwamba namfutia kimoja aliyetia kete ya mwisho, na hakuna mtu mwingine anayekumbuka kama kiliwahi kuwepo. Dogo alichakachua kumkimbia mlinzi akafutiwa dada yake. Akawa anaulizia mtaa mzima wa Magomeni, kila mlango wanamjibu kwa upole kabisa "wewe si umezaliwa peke yako".

Umeme nao huwa unakatika tukiwa tunacheza, nikaamua ukikatika, ndani ya gemu pia giza, na ukirudi kuna kitu kimoja kimebadilika. Watu walianza kuwasha tochi za simu kuangalia karatasi zao kwanza.

Njia ya kutokea ni treni. Kwenye filamu walitumia simu za mezani, huku simu ya mezani utaipata wapi. Reli ya Nachingwea huko nje haipo, iliyopo ni humu tu, kwa iyo ukipanda ukakaa mpaka mwisho wa safari unashukia mahali ambapo mashine hazikupanga uwepo. Mwalimu katikati ya safari akaanza kutuletea hoja ya mwanafalsafa Nick Bostrom ya 2003, kwamba ama staarabu zinakufa kabla hazijaweza kutengeneza simulesheni, ama zikiweza hazitaki, ama sisi wenyewe tumo ndani ya moja. Hoja nzuri, ila watu walikuwa na tiketi mkononi wanamsubiri.

Wakafika. Wote wakashuka isipokuwa karani. Akasema mhusika wake hashuki, nje ni ghala, na humu mama yake anavuna na analipwa siku hiyohiyo, kwa nini ashuke? Wenzake walimbembeleza, walimtukana kidogo, akagoma. Mimi sikuongeza neno maana nilikuwa sina jibu la kumshinda, na msimuliaji akishakuwa na jibu la kumshinda mchezaji hapo basi dunia feki aliijenga vibaya.

Washkaji wa Lindi wameshaomba toleo lao. Wao wanataka simulesheni ambayo mifupa ya dainosa ya Tendaguru, ile waliyochimba Wajerumani 1909 mpaka 1913, haikwenda Berlin, na yule mkubwa mwenye zaidi ya mita 13 kwenda juu kasimama Lindi mjini na watalii wanapanga foleni. Nimewaambia waandike wenyewe, wanazo dadu na wanayo hasira, vinatosha. Mimi nina kazi ya karani. Nimemuandikia upya: mashine zimemuona kabaki kwa hiari, zimempandisha cheo, saivi ndo stesheni masta wa Mtwara, na wenzake wakirudi kuja kuwatoa ndugu zao inabidi wapite dirishani kwake kukata tiketi. Ameshauliza kama anaruhusiwa kupandisha nauli.