Helmeti na kamera: nilivyopata inayonifaa

Kazi yangu ya kwanza ya picha kiwandani ilikuwa ya saruji. Getini nikapewa helmeti ya wageni, nyeupe iliyokwisha kuwa njano, ukingo wa mbele umetokeza kama kibaraza. Nilipoinua kamera tu, ukingo ukagonga pale juu panapochomekwa flashi. Nikaisukuma nyuma. Ikarudi. Nikaisukuma tena. Tulipofika juu ya silo, ule mnara wa kuhifadhia saruji, ilikuwa imekaa kisogoni kama barakashia ya harusi, paji la uso lote wazi.

Nikainama kwenye reli niwapige mafundi waliokuwa chini. Helmeti ikachomoka, ikateremka ngazi za chuma kidato kwa kidato, na kila aliyekuwa chini akainua macho. Haikumpata mtu. Afisa usalama hata hakupandisha sauti: "Kaka, kamera weka begini, tushuke." Siku iliishia hapo, na malipo yangu pia.

Kazi iliyofuata nikajifanya mjanja, nikaivaa kinyumenyume. Fundi umeme mmoja akasema, "Hebu lete," akaipindua. Helmeti za kiwango cha Marekani, ANSI Z89.1, zikiwa zimepimwa kwa kuvaliwa kinyumenyume huwa na alama ya mishale miwili inayozungukana. Yangu haikuwa nayo. Akanionesha pia kiduara ndani ya ukingo, mfano wa saa: mshale unaonesha mwezi wa kutengenezwa, mwaka uko katikati. Yangu ilikuwa na miaka kumi na moja! Plastiki inayoshinda juani huchoka, hata kama kwa nje inang'aa.

Nikaamua kununua ya kwangu. Kariakoo nilizunguka na kamera shingoni, wauzaji wakidhani nimekuja kuwapiga picha. Kila helmeti niliivaa, nikaweka jicho kwenye kamera, kwanza ikiwa imelala, kisha ikiwa imesimama. Nikatazama dari. Nikainama mpaka nione vidole vya miguu. Nyingi zilishindwa hapo dukani. Niliyochukua ina ukingo mfupi sana, kirungu cha kukazia kisogoni, na mkanda wa kidevuni.

Huo mkanda ulinipa shida kuuelewa. Kwenye helmeti nyingi za viwandani za kiwango cha Ulaya, EN 397, unatakiwa uachie ukivutwa kwa nguvu ya kama kilo 15 hadi 25, usije ukakunyonga helmeti ikinasa mahali. Za wapanda milima, EN 12492, hazitakiwi kuachia hata kwa kilo 50, kwa sababu anayeanguka anahitaji ibaki kichwani. Mimi natembea kwenye majukwaa yenye reli, sining'inii kwenye kamba, kwa hiyo nilichagua ya kwanza. Na nilikataa yenye matundu ya hewa, ingawa jasho la Dar mnalijua: napiga sana kwenye vituo vya umeme, na huko zenye matundu hazifai.

Kosa langu la mwisho ni la aibu. Kwa muda mrefu nilikuwa nachomeka kifuniko cha lenzi ndani ya helmeti, kwenye ile nafasi kati ya plastiki na mikanda. Nafasi ile ndiyo inayomeza kishindo, haitakiwi kuwa na kitu. Kifuniko sasa kinakaa kwenye mfuko wa kizibao changu cha riflekta, na nimeshapoteza vitatu.