Lifti ya gari kwenye gereji yenye dari fupi
Gereji yangu hapa Raskazone, Tanga, ina mita 2.6 tu kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Lifti ya nguzo mbili, ambayo kwa kawaida hutaka mita 3.5 hivi, niliiondoa mapema kwenye mawazo. Kilichoamua ni hesabu: gari aina ya Toyota IST lina kimo cha mita 1.53, likipanda mita 1 zinabaki sentimita 7 hadi kwenye boriti (boneti usiifungue gari likiwa juu!). Nikachukua lifti ya mkasi, ambayo mikono yake hujikunja na kufunguka kama mkasi chini ya gari, na inayoishia hapo kwenye mita 1. Unafanya kazi umekaa kwenye kigoda. Breki, matairi na oili vinafikika vizuri. Gia boksi ndiyo taabu, maana mkasi umeziba katikati. Upepo wa chumvi nao hauna huruma, kwa hiyo pini za viungo vya lifti hazikosi grisi. Na siingii chini kabla kufuli za chuma zinazoizuia lifti isishuke hazijashika.