Nilivyoomba PhD Marekani nikiwa bado mwaka wa nne Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Swali langu la kwanza halikuwa chuo gani kizuri, bali nani atalipa. Mimi nimesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Bumu, yaani pesa ya kujikimu, likichelewa, nakula maandazi na chai ya rangi. Kwa hiyo ile orodha ya skolashipu inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp niliipangua kwa kigezo hicho, na majina mengi yakaanguka siku hiyohiyo.

Skolashipu ya DAAD ya Ujerumani, kwenye programu zake za uzamili ziitwazo EPOS, wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili baada ya shahada. Chevening ya Uingereza vilevile. Kwa mtu wa mwaka wa mwisho milango hiyo imefungwa, hata uwe na GPA (wastani wa alama) ya 4.8 kati ya 5.0. Kigali, chuo cha Marekani cha Carnegie Mellon kina tawi zuri, ila ni la TEHAMA, umeme na akili mnemba, na mimi nasoma uhandisi wa kemikali. Erasmus Mundus, skolashipu ya masters ya Umoja wa Ulaya, wanapokea wa mwaka wa mwisho, nikaomba. Kisha nikafika Marekani. Sikujua kwamba kwenye uhandisi idara nyingi kule huchukua watu wa PhD moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na kwamba hao wa PhD ndio wanaolipiwa ada na kupewa posho, huku wa masters mara nyingi wakijilipia. Jambo kubwa hivi, miaka minne hakuna aliyelitaja darasani.

Gharama zilinitisha kidogo. Mtihani wa GRE, wa kuombea masomo ya juu, ni dola 220, lakini tangu 2020 idara nyingi za uhandisi zimeuacha au zimeufanya wa hiari, nikachagua hizo. Ada ya maombi niliiombea msamaha kwa barua pepe ya mistari michache kwa ofisi ya udahili. Waliokubali niliomba nafasi kwao, waliokataa niliachana nao. GPA yangu niliiacha vilevile kwenye kipimo cha 5.0, usijigeuzie mwenyewe kwenda 4.0 kama hujaambiwa.

Maelezo ya kusudio, ile insha ya kwa nini unataka kusoma, ndiyo yaliyokula usiku wangu. Habari za ndoto za utotoni sikuziweka. Niliandika mifupa. Mradi wangu ulikuwa kuondoa floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa, maana ukanda wa Arusha na Meru una visima vingi vinavyopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha WHO, na meno ya kahawia ya watu wa kule yanatokana na hayo maji. Mifupa ya ng'ombe niliichukua machinjioni Vingunguti, nikaichemsha kutoa mafuta, nikaianika, kisha nikaichoma kwenye tanuru lenye hewa kidogo. Ikitoka nyeusi, inanasa floraidi vizuri. Moto ukizidi na hewa ikipenya, inatoka nyeupe kama chaki na nguvu yake inashuka. Harufu sitaisimulia, waulizeni wa maabara ya jirani.

Barua za walimu zilitaka ustaarabu wa kwetu. Sikutuma ujumbe wa simu. Nilikwenda ofisini, shikamoo, nikakaa. Mmoja akaniuliza, "Wewe ni yupi kati ya wale mia?" Nikamkabidhi karatasi ya ukurasa mmoja: alama zangu kwenye somo lake, nilichofanya maabara, grafu ya mradi na tarehe za mwisho. Barua inayosema "mwanafunzi huyu ana bidii na nidhamu" haimsaidii mtu. Ya tatu niliiomba kwa mhandisi aliyenisimamia PT (mafunzo kwa vitendo), kwa sababu yeye aliniona nikishika spana. Niliwasihi wote watumie anwani ya pepe ya kazini, maana mifumo mingine haiiamini Gmail.

Maombi mengi hufungwa Desemba. Kabla ya hapo nilimwandikia profesa mmoja swali kuhusu grafu iliyokuwa kwenye makala yake, basi, bila "nakuomba uniokoe". Alijibu. Februari tukaongea kwa Zoom, kwao saa kumi alasiri, kwangu saa sita usiku, nikiwa nimenunua bando la kutosha na kumwomba mwenzangu wa chumbani azime redio. GPA hakuigusa. Aliniuliza kwa nini mkaa uliozidi moto unakuwa mweupe, tukakaa hapohapo karibu nusu saa.

Nafasi ilikuja na ufadhili, na huko desturi ni kujibu kabla ya Aprili 15. Kilichobaki ni kalenda: muhula wao huanza Agosti, mahafali yetu ni mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo cheti kinakuwa hakijatoka. Niliwaeleza mapema. Wakakubali matokeo ya muda yenye muhuri wa chuo, cheti kifuate, na nikaanza kufuatilia karatasi hiyo ofisi ya mitihani kabla hata sijakaa UE (mtihani wa chuo) ya mwisho.