Nilivyochagua viashiria vya kupima utekelezaji katika vyumba vya kuzalia, Bukavu

Tulipoanza utaratibu wa kutambua na kutibu mapema damu nyingi baada ya kujifungua katika vituo kadhaa vya afya vya Kadutu na Ibanda, sehemu za jiji la Bukavu, mashariki mwa Kongo, nilikabidhiwa kazi ya kuandaa viashiria vya utafiti. Wenzangu walipendekeza tuhesabu vifo vya akina mama na idadi ya waliotokwa na damu nyingi. Nilipinga vyote viwili kuwa viashiria vikuu. Vifo katika kituo kimoja ni vichache, hivyo kimoja kikiongezeka au kupungua hakituambii lolote kuhusu utekelezaji, yaani kama utaratibu unafanyika kweli vyumbani. Idadi ya waliotokwa na damu nayo hupanda pale mkunga anapoacha kukadiria kwa macho na kuanza kutumia mfuko wa kukusanyia damu wenye alama za mililita. Katika E-MOTIVE, jaribio la kutambua na kutibu mapema damu nyingi baada ya kujifungua lililochapishwa mwaka 2023, hospitali zilizoendelea na huduma ya kawaida zilitambua asilimia 51.1 tu ya kesi, dhidi ya asilimia 93.1 kwa zile zilizotumia mifuko na utaratibu mpya.

Kati ya matokeo manane ya utekelezaji yaliyoorodheshwa na mtafiti Enola Proctor na wenzake mwaka 2011, nilichukua matatu: kupokelewa (wahudumu kuanza kuutumia utaratibu), kufuata utaratibu (kila hatua kufanywa kama ilivyopangwa) na uendelevu (kuendelea baada ya mradi kwisha). Gharama niliwaachia wahasibu.

Kufuata utaratibu ndiko kulikonisumbua. Mwanamke aliyepoteza mililita 500 anapaswa kukandwa kizazi, kupewa dawa ya kukaza kizazi, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kutokwa na damu) na maji ya mshipa, kisha kuchunguzwa chanzo cha damu. Tukihesabu tu waliopata yote, kituo kilichoishiwa asidi ya traneksamiki kitaonekana hakifanyi kazi, na mkunga atabebeshwa lawama ya stoo tupu. Kwa hiyo kila hatua niliipa safu yake, na kwa dawa nikatenganisha “haikuwapo” na “ilikuwapo, haikutolewa”.

Saa ya kila hatua haikuwa na nafasi katika daftari la uzazi. Nilipoomba iandikwe, mkunga mmoja wa makamo aliniuliza, “Mwanangu, nitashika kalamu na mikono ya damu?” Alikuwa na haki. Tulikubaliana kwamba anayemsaidia aandike saa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kisha inakiliwe baadaye.

Kupokelewa sikukupima kwa dodoso peke yake, maana mtu anayehojiwa mbele ya mkubwa wake hukubali kila kitu. Nililinganisha mifuko iliyotoka stoo na idadi ya waliojifungua kwa njia ya kawaida, nikizitazama zamu za usiku peke yake, kwa kuwa wasimamizi huwa wamekwisha kwenda nyumbani.

Uendelevu tutaupima mifuko ya mradi itakapokwisha, kwa kuangalia kama vituo vinaiagiza vyenyewe pamoja na dawa zao. Mpaka hapo, safu yake katika ripoti ninaiacha tupu, ingawa wafadhili wameshaiulizia.