Sauti za wenzangu sikioni

Mi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Nyakato hapa Mwanza, na kazi hii mikono inashikika macho yanashikika ila masikio yapo bure toka asubuhi mpaka giza liingie. Zamani ilikuwa redio. Siku hizi ni podikasti, vipindi vya sauti vya kwenye simu, nachomeka hedifoni sikio moja, la pili nawaachia wateja, na kwenye hilo moja wanaongea watu kama mimi, yaani wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, waliobadili jinsia, wote. Mama mmoja mteja wangu anajua nasikiliza mahubiri na sijamsahihisha, naogopa.

Ya kwanza kuipata ilikuwa AfroQueer. Ilianza 2018, mtangazaji Selly Thiam, na walioianzisha ni None on Record, hawa walianza 2006 kurekodi Waafrika wenzetu wakijisimulia wenyewe, na kilichowasukuma ni kuuawa kwa FannyAnn Eddy, mwanaharakati wa Sierra Leone, mwaka 2004. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile ya kwanza nilichosikia ni mtu anasimulia habari za mapenzi yake halafu katikati akacheka, kicheko cha kawaida kabisa, kama cha akina mama wanaochambua dagaa pale Mwaloni, nikasimamisha cherehani. Nimekua na redio ndani ya nyumba na sikuwahi kusikia mmoja wetu akicheka redioni. Tulikuwa tunatajwa kwenye kukemewa tu, au fulani kakamatwa.

Halafu nikaikuta Making Gay History ya Marekani. Eric Marcus alihoji watu miaka ya mwisho ya 80 akabaki na kanda zake, ndo kuanzia 2016 akawa anazitoa kama podikasti, kwa hiyo unasikia sauti za watu wengine walishakufa. Kuna bibi mmoja humo aliyejiita Lisa Ben, 1947 kule Los Angeles alikuwa karani, akawa anapiga taipu kijarida cha wanawake kama sisi akiwa hapohapo kazini, kinaitwa Vice Versa, nakala chache tu kwa karatasi ya kaboni, anawapa marafiki mkononi na wao wanapitisha kwa wengine. Kingereza changu ni cha kidato cha nne, nilirudisha nyuma mara tatu nihakikishe nimeelewa. Nilimpenda yule bibi aisee. Maana na sisi ndo tunafanya hivyohivyo, mwenye bando anadaunlodi, anatuma WhatsApp, ukishasikiliza unafuta.

Tunafuta kwa sababu kifungu cha 154 kwenye Kanuni ya Adhabu, cha ngono wanayoiita ya kinyume cha maumbile, ni jela miaka 30 mpaka maisha, na kabla hata ya polisi kuna mwenye nyumba, kuna mjomba, kuna jirani. Ndo maana napenda sauti kuliko video. Sauti haina sura, haina ukuta wa nyuma ambao mtu ataujua kwamba hapa ni Pasiansi hapa ni Igoma, unaweza ukasema moyo wako wote na uso ukabaki wako.

Ila Kiswahili jamani. Karibu zote ninazozipata ni kingereza na mimi uchungu wangu hauko kwa kingereza, nililia kwa Kiswahili nikasali kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwezi uliopita tulikaa watatu usiku kibandani kwangu baada ya kufunga, turekodi ya kwetu, simu moja katikati ya majora ya vitenge, na vitambaa vinasaidia sana kumbe, vinameza mwangwi. Tulitaka kuanza kwa kujitambulisha tukakwama hapohapo karibu saa nzima kwenye neno. Shoga, kwa mabibi zetu ni rafiki yako wa kike wa kumwambia siri, leo hilohilo neno unarushiwa mawe nalo. Neno msagaji mmoja wetu alilikataa kabisa, alitukanwa nalo shuleni. Wa tatu akasema wenzetu wa Uganda huko ng'ambo ya ziwa wanajiita kuchu na hata huku wapo wanaolitumia, tulichukue, mi nikasema sawa lakini mama yangu siku akisikia hii sauti ataelewa neno hilo kweli? Tukanyamaza wote. Mabishano hayo yote yalirekodika, na tulivyosikiliza tukaona ndo sehemu nzuri kuliko zote, tukaiacha kama ilivyo.

Dakika kumi na tisa. Tumewapa watu sita tunaowaamini. Mmoja anaishi Ukerewe, aliisikiliza akiwa juu ya meli anarudi Nansio, akanijibu kwa voisi, nyuma yake inasikika injini na watoto, anasema nimeirudia mara mbili dada, halafu anakaa kimya kidogo, halafu anauliza nyingine lini.

Jumapili tunarekodi tena.